Mpira wa Maji: Siku Saba na Mjomba Kwenye Viwanja vya Uganda

Jumatano, 6 Agosti 2025. Malaba hadi Jinja

Mjomba alinitangulia kituoni. Alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, na begani kaning'iniza mpira wa maji. Nauzungumzia ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao sisi mafundi tunautia maji kupimia usawa wa msingi. Huo wake una mita 20, umezungushwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo Mjomba. Huo unaenda nao wapi?"

"Marahaba. Wewe una daftari lako, mimi nina mpira wangu. Panda gari."

Safari hii ilizaliwa kwenye kikao. Mji wetu una uwanja mmoja wa soka, na kila masika maji hutuama mbele ya goli la upande wa barabara. Mwaka jana kamati ilimwaga malori manne ya moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, juu ya dimbwi. Dimbwi halikukauka, lilihamia katikati ya uwanja. Sasa kamati hiyo hiyo inataka kupanua: jukwaa la zege la watu 500, uzio, vyumba viwili vya kubadilishia nguo. Mimi nimejenga maduka na nyumba za kupanga, jukwaa sijawahi. Nikaombwa nikawaone wenzetu walivyofanya. Nikajibu kwamba siendi bila Mjomba, kwa sababu yeye alibeba zege kwenye uwanja wa taifa wa Namboole wakati mimi hata mwiko sijaujua.

Barabara ya Malaba ni malori matupu, hasa asubuhi. Tulipoupita mwamba wa Tororo, Mjomba alilala hadi Iganga. Jioni tukawa Jinja, Walukuba, kwa binamu yake. Mtaa huu ulijaa wafanyakazi wa viwanda kutoka kila kabila, ndiyo maana mpaka leo ukipiga hodi kwa Kiswahili unajibiwa kwa Kiswahili. Tulikula samaki, tukazungumza habari za Algeria. Jumatatu Cranes, timu yetu ya taifa, walifungwa na Algeria mabao 3 kwa bila pale Namboole, mechi yao ya kwanza ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, na mwenyeji wetu bado alikuwa na uchungu. Keshokutwa wanacheza na Guinea. Tiketi zetu mbili ziko kwenye simu yangu.

Alhamisi, 7 Agosti. Jinja hadi Namboole

Tulivuka Nile kwa daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, mita 525 toka ng'ambo hadi ng'ambo. Mjomba alimwomba dereva apunguze mwendo. Dereva hakupunguza. Namawojjolo tukanunua kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma, kupitia dirishani kama kawaida ya kila msafiri wa njia ile, tukala hadi Mukono.

Namboole iko juu ya kilima, Bweyogerere, kama kilomita kumi mashariki ya Kampala. Ukitoka barabara kuu unaanza kupanda, na Mjomba aliposhuka kwenye boda aligoma kuendelea na pikipiki. Alitaka kupanda kwa miguu, kama zamani.

Ndipo aliponieleza. Uwanja ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa 1997 na kupewa jina la Nelson Mandela. Yeye alifika saiti akiwa hajaoa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kokoto, kisha wakamhamishia kwenye zege. Wahandisi walisema Kichina, wasimamizi Kiingereza, vibarua Kiganda, Kisoga, Kiteso, Kijaluo. "Sasa toroli likija nyuma yako limejaa zege utaambiwa kwa lugha gani? Utaambiwa kwa Kiswahili. *Pisha!* Kila mtu aliijua pisha."

Kazi anayoikumbuka kuliko zote ni kumwagilia. Watu hudhani zege linakauka ndipo linakuwa gumu. Sivyo. Zege linahitaji maji ili lishike, na likinyimwa maji siku za mwanzo, juu linafanya ufa na ndani linabaki dhaifu. Kwa hiyo wao walilaza magunia kwenye ngazi za majukwaa na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni. Hesabu ya fundi ni siku 28 mpaka zege lifikie nguvu yake iliyopangwa, na wiki ya kwanza ndiyo usiyoiacha hata Jumapili. "Tulilifuga kama mtoto," alisema.

Getini tulikuta askari. Nikawasalimu kwa Kiswahili, na uso wa yule kijana ukalegea papo hapo. Kiswahili ndicho lugha ya jeshi hapa, tangu enzi za ukoloni. Ndani hatukuingia, leo hakuna mechi na wageni hawaruhusiwi. Mjomba alimwambia, "Afande, mimi nilijenga hapa." Askari akamtazama vizuri, akapiga mguu chini, akasema, "Asante kwa kazi, mzee." Basi. Tukazunguka uzio kwa nje hadi jua likaelekea Kampala.

Lazima niandike kwa nini uwanja huu ulifungwa, maana kamati yetu itauliza. Wengi husema uwanja ulizeeka. Miaka 24 si uzee wa zege. Kilichokufa ni vile vitu vinavyoning'inia kwenye zege: vyoo, mabomba, viti, taa, vyumba vya wachezaji, nyasi. CAF, shirikisho la soka la Afrika, siku hizi haihesabu vichwa tu. Inataka kila mtazamaji awe na kiti chake chenye namba, inataka waamuzi na timu zote mbili wawe na vyumba vinavyofaa, inataka taa za kutosha kamera. Namboole ikakosa sifa. Mwaka 2020 ilikuwa imegeuzwa kituo cha wagonjwa wa Korona. Cranes wakahamia uwanja wa Kitende, na baadaye hata huko hawakuweza kuchezea. Machi 2023 "nyumbani" kwao dhidi ya Tanzania kulikuwa Ismailia, Misri. Juni mwaka huo huo dhidi ya Algeria kukawa Douala, Kamerun. Nakumbuka nilivyojisikia nikitazama wimbo wetu ukipigwa kwenye uwanja wa watu. Naandika hili na moyo unaniuma bado.

Kazi ya kuufufua ilikabidhiwa kikosi cha uhandisi cha UPDF, jeshi letu, bajeti ikatajwa shilingi bilioni 97. Tarehe 7 Juni 2024 Cranes wakarudi nyumbani, wakaifunga Botswana bao 1 kwa bila.

Ijumaa, 8 Agosti. Ndani ya Namboole

Tulikuwa kwenye foleni tangu alasiri ili Mjomba apate muda. Alinikabidhi simu na kuku wake, akaondoka. Nilimfuata.

Alikuwa akitafuta ngazi. Si ngazi yoyote, ngazi yake. Kila mtu aliyewahi kumwaga zege ana alama yake kichwani: nguzo fulani, kona fulani, siku mvua iliponyesha katikati ya kazi. Yake ilikuwa mahali mashine ya kutikisa zege ilipozima ghafla na wakashindilia kwa nondo, kwa mikono, wanaume sita, ili viputo vya hewa vitoke kabla zege halijashika. Alikwenda hadi mlango wa pili, akarudi, akahesabu vidato, akapanda, akashuka. Watu walianza kutusonya, maana tuliwazibia njia. Hatimaye akasimama, akapiga goti, akaingiza mkono chini ya kiti cha plastiki na kushika zege lenyewe.

Sikumuuliza kama ana hakika. Alikaa hapo, na mwenye kiti alipokuja, kijana wa Mukono na mchumba wake, nikawaeleza nani ameketi. Walichukua viti vyetu bila neno.

Nilipokuwa nikimsubiri nilipima kwa macho na kwa kiganja. Hapa nimejifunza jambo litakaloiudhi kamati. Wao wamehesabu watu 500 kwa kuwabananisha kwenye ngazi tupu za zege. Ukiweka viti, kila mtu anakula nusu mita ya upana, na mstari unahitaji kina cha kupitisha magoti ya waliokaa na miguu ya anayepita. Jukwaa lile lile lililobeba 500 kwenye ngazi tupu halitabeba 500 kwenye viti. Ama tulirefushe ama tuiteremshe hesabu. Kisha ngazi za kutokea: wamechora moja, katikati. Nimeiona Namboole ikiachia watu usiku, mbavu zako zinakufundisha. Jukwaa letu litakuwa na ngazi mbili, moja kila mwisho, na kama hawataki watafute fundi mwingine.

Nusu ya kwanza Mjomba hakutazama mpira. Alikwenda chooni, akafungua bomba la kwanza, maji yakatoka. Akalifunga, akafungua la pili. Nilimkuta amesimama mbele ya masinki na mikono imelowa, anatabasamu peke yake. "Yanatoka," akaniambia. Kisha akataka kuona yanakokwenda.

Tukarudi kiwanjani wakati taa zimewaka zote. Sitaeleza mechi, ilishatangazwa dunia nzima: Uganda 3, Guinea 0. Nitaeleza nyasi. Uwanja wa mita 105 kwa 68 chini ya taa zile ulikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nyasi za asili zikilala hivyo ujue chini kuna kazi. Kwa kawaida juu unapanda nyasi kwenye mchanga mwingi uliochanganywa na udongo kidogo, chini ya mchanga kokoto, na kwenye kokoto mabomba yenye matundu yaliyopangwa kama mifupa ya samaki, yote yakiinamia bomba kubwa la pembeni. Maji yakinyesha hayatafuti pa kutuama, yanazama. Sisi kwetu tulimwaga moramu, na moramu ikikanyagwa inakuwa sakafu. Tulilifanyia dimbwi kitanda.

Bao la tatu lilipoingia Mjomba alikuwa amesimama juu ya zege lake, amekumbatiana na yule kijana wa Mukono. Alinikumbusha Septemba 2016, Uganda ilipoifunga Comoros 1 kwa bila hapa hapa, Farouk Miya akifunga, ikaenda fainali za Afrika mara ya kwanza tangu 1978. Siku hiyo alisikiliza kwa redio akiwa Malaba, hakuwa na nauli. Miaka yote hii alikuwa hajawahi kukaa kwenye uwanja alioujenga. Sikulijua hilo hadi usiku huu.

Jumamosi, 9 Agosti. Lugogo na Nakivubo

Tuliamka tumechoka, sauti zimekauka.

Lugogo tulipita tu. Ni kwa klabu ya KCCA, uwanja unaobeba jina la Phillip Omondi, nyasi bandia. Mdogo, umekaa katikati ya mji, unatosha. Kwa klabu ya mji kama wetu huu ndio mfano wa kuutazama kwa ukubwa wake, kuliko Namboole.

Nakivubo ndiko Mjomba alikotaka kufika na mpira wake wa maji. Uko bondeni, karibu na soko la Owino na vituo vya teksi, na kando yake unapita mfereji mkubwa wa Nakivubo ambao hubeba maji machafu na maji ya mvua ya Kampala kuyapeleka Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha, bonde hili ndilo linalolia kwanza. Uwanja ulianza 1926. Vizazi viwili vya mashabiki wa klabu za Villa na Express vilikulia humo. Mwaka 2017 ukabomolewa, mfanyabiashara Hamis Kiggundu akaujenga upya, na ukafunguliwa tena 25 Aprili 2024. Umezungukwa na maduka pande zote, kiasi kwamba kama hujui unaweza kupita ukidhani ni jengo la biashara.

Wapo wanaoulilia uwanja wa zamani, na ninawaelewa. Lakini nikiwa fundi namheshimu yeyote anayejenga kwenye bonde lile. Hapa pia wameweka nyasi bandia, na mtu akisikia bandia hudhani ni zulia limetandikwa chini likaisha. Chini ya zulia lazima kuwe na tabaka za mawe yaliyosagwa, kubwa chini na ndogo juu, zilizoshindiliwa na kusawazishwa kwa uangalifu kuliko sakafu ya nyumba, na njia za kutolea maji vile vile. Juu unamwagwa mchanga na chembe za mpira ili nyuzi zisimame na goti la mchezaji lisiungue. Usipoandaa chini, zulia lako la fedha nyingi litaogelea.

Mjomba alisimama kwenye ukingo wa mfereji akitazama maji yakipita, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu maji unadhani anasahau njia yake?" Anayasema maji kama mtu. Amefanya hivyo tangu nikiwa mdogo.

Mchana tulikula matoke na maharage kwa mama mmoja wa Bombo, Mnubi, Kiswahili chake kitamu sana. Alikataa hela ya chai.

Jumapili, 10 Agosti. Kitende

Barabara ya Entebbe. Uwanja wa St. Mary's, nyumbani kwa klabu ya Vipers, uko ndani ya shule. Ulifunguliwa 2017, na nyuma yake yuko mtu mmoja, Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda. Namboole ilipofungiwa, taifa lilikimbilia hapa. Sare ya 1 kwa 1 na Kenya Novemba 2021 ilichezwa hapa.

Tuliutazama kwa nje tu na hatukukaa. Mjomba alitaka kupumzika miguu na mimi nilitaka kuandika ya jana. Kinachonikaa kichwani ni kwamba Mulindwa hakusubiri serikali.

Jumatatu, 11 Agosti. Kampala hadi Hoima

Kilomita kama 200 kaskazini-magharibi: Nansana, Wakiso, Busunju, Kiboga, kisha mto Kafu na mafunjo yake. Lami nzuri. Karibu na Hoima unaanza kuona magari ya kampuni za mafuta. Bomba la mafuta ghafi linaanzia wilaya hii na kuishia Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Kijana aliyeketi nasi, fundi wa kuchomelea, alisema amefanya kazi na Watanzania kiasi kwamba sasa anaota kwa Kiswahili.

Usiku tulitazama Cranes kwenye kibanda cha mpira karibu na nyumba ya wageni. Niger, 2 kwa bila. Watu walimwagika barabarani. Mwenye kibanda ni mama kutoka Kongo, alivuka Ziwa Albert miaka iliyopita. "Papa, keti, iko chai ya moto," akamwambia Mjomba, akamwekea kiti cha mbele.

Jumanne, 12 Agosti. Uwanja wa Hoima

Hatukuwa na barua ya kuingia saiti, kwa hiyo haya niliyoyaandika ni ya nje ya uzio.

Huu ni uwanja mpya kabisa wa watu 20,000, unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, fainali za mataifa ya Afrika, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja Septemba 2023. Mjenzi ni kampuni ya Kituruki, SUMMA, waliojenga uwanja wa Diamniadio kule Senegal na kuupanua Amahoro wa Kigali hadi watu 45,000. Gharama yake imetajwa kama dola milioni 129. Watu hubishana juu ya fedha hizo, na wana haki ya kubishana. Mimi nilikuja kuona mikono.

Majukwaa yameshasimama. Mjomba alitazama kimya muda mrefu, kisha akaanza kuuliza, si mimi, bali mlinzi aliyekuwa kivulini. Mlinzi alikuwa mtu wa Kasese, anasema Kiswahili vizuri, na alichoshwa na upweke. Mnamwagilia mara ngapi? Usiku kuna kazi? Vijana wanapewa buti? Pale jukwaa linapokatika kidogo, ile nafasi ya vidole viwili, wameijaza na nini? Nafasi hiyo huachwa makusudi, zege lipate pa kutanukia jua likiwaka. Lisipoachiwa litajipasulia lenyewe. Mlinzi hakujua, akamwita kibarua aliyekuwa anatoka zamu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, vumbi la saruji hadi kwenye kope.

Wakakaa wote wawili kwenye jiwe. Mjomba alimwonyesha kovu la mkononi, kijana akamwonyesha lake. Nilinunua chapati na chai, nikawaacha. Walizungumza karibu saa nzima. Nilichosikia mwishoni ni Mjomba akimwambia, "Weka alama kichwani. Ngazi ya ngapi kutoka mlango gani. Nauli ya kuja kutazama itapatikana."

Kijana alicheka, akataja namba ya mlango na namba ya ngazi hapo hapo. Nimeziandika kwenye daftari kwa sababu Mjomba aliniamuru.

Alhamisi, 14 Agosti. Malaba

Jana tulikuwa barabarani mchana kutwa, sina la kuandika.

Leo saa kumi na mbili asubuhi Mjomba alikuwa mlangoni na mpira wake. Tuliujaza maji, tukatoa viputo vyote, tukaenda uwanjani kabla watoto wa shule hawajaanza kukatiza. Mimi nilishika ncha moja kwenye goli la upande wa barabara, yeye akashika nyingine, tukawa tunahama hatua kwa hatua na kupiga vigingi mpaka goli la pili. Maji kwenye mpira yalipotulia kwenye kigingi cha mwisho tukajumlisha.

Goli la barabarani liko chini ya goli la pili kwa sentimita 41. Na ukingo wa barabara, ambako maji yangepaswa kutokea, uko juu ya goli kwa sentimita 15. Hakuna lori la moramu litakalorekebisha hilo. Lazima kuchimbwe mtaro upande wa mashariki kuelekea bondeni, na ndio uwe wa kwanza, kabla ya jukwaa, kabla ya uzio.

Kamati inakutana Jumamosi. Mjomba ameomba asubuhi hiyo vigingi visiguswe, na ameniomba nimnunulie chokaa mfuko mmoja ili auchore mtaro wote chini, waukanyage wakija.